Kuokoa majengo ya kale ya mji mdogo wa pwani: mwongozo kamili kwa kikundi cha wenyeji

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pale Forodhani, Unguja, mafundi wakiwa kazini. Watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilijengwa 1883 enzi za Sultani Barghash. Limo ndani ya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lina wizara, lina wafadhili, na bado lilianguka. Sasa ifikirie nyumba ya mawe pale Pangani au Kilwa Kivinje, haina mlinzi wala kibao, na warithi wake wametawanyika toka Tanga hadi Maskati. Hiyo ikianguka haitangazwi redioni. Inaanguka usiku wa mvua, na kukicha watu wanaokota mawe wakajengee choo.

Mwongozo huu ni wa wenyeji wa miji ya namna hiyo: Pangani, Bagamoyo, Kivinje, Mikindani na mingine ya mwambao. Msimamo wangu niuseme mapema. Majengo haya hayauawi na umri. Yanauawa na maji yanayoingia kwa juu, na hati ambayo hakuna ajuaye iko kwa nani. Kikundi kinachoanza na rangi, mabango ya watalii na fulana zenye nembo kimeanzia mkiani.

Kwanza: watu

Msianze na mkutano wa hadhara. Watu saba au kumi wanatosha, mradi wawe wale wanaohitajika. Mtafuteni fundi mwashi mzee aliyewahi kufanya kazi ya chokaa, hata kama sasa macho yamepungua nguvu. Ujuzi wake hauko kitabuni, na akiondoka ameondoka nao. Mtafuteni mtu aliyewahi kukaa ofisi ya ardhi au mahakamani, anayejua faili linavyotafutwa. Awepo mwalimu wa historia, awepo mtu wa msikiti au wa kanisa, kwa sababu nyumba za ibada na za wakfu ni sehemu kubwa ya mji wa kale. Kijana mwenye simu ya picha nzuri na subira ya kuandika atafaa kuliko vijana kumi wenye shauku tu.

Na wanawake wawepo tangu siku ya kwanza, si kwa ajili ya kupika chai ya kikao. Lamu kwa desturi baba alimjengea binti yake nyumba anapoolewa, na katika miji mingi ya pwani ukiuliza nani anajua chumba kipi kilivuja mwaka gani, jibu utalipata kwa bibi mwenye nyumba, si kwa mtoto wake wa kiume anayefanya kazi Dar es Salaam.

Usajili Tanzania Bara una njia zaidi ya moja. Mnaweza kuwa kikundi cha kijamii kinachotambuliwa na halmashauri, mnaweza kuwa chama chini ya Sheria ya Jumuiya, au shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya 2002. Anzeni na kile mnachokimudu kukiendesha: katiba fupi, akaunti ya benki yenye watia saini watatu, daftari la vikao. Ikifika siku ya kupewa au kupangishwa jengo kwa muda mrefu, hapo ndipo mtahitaji wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, maana mali isiyohamishika haiwekwi kwa jina la mwenyekiti. Mwenyekiti hufa, na watoto wake huja kudai.

Pili: daftari la majengo

Kazi hii ni ya bei ndogo, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Hata mkishindwa kuokoa jengo moja, mji utabaki na kumbukumbu yake. Pitieni mtaa kwa mtaa, wawili wawili, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa. Kila jengo lipewe namba na ukurasa wake, na ukurasa uwe na:

- namba, mtaa, na jina ambalo watu huliita jengo hilo (mara nyingi ni la mwenyewe wa zamani)
- nani anakaa, nani anapokea kodi, nani anasemekana ndiye mwenyewe. Haya ni maswali matatu tofauti
- unene wa kuta, upana wa vyumba, idadi ya ghorofa
- limejengwa kwa nini: mawe ya matumbawe na chokaa, udongo na fito, au matofali
- paa: bati, makuti, vigae, au dari bapa ya boriti na mawe
- mlango mkuu: umechongwa au la, fremu na kizingiti vipo au vimeng'olewa
- hali yake, kwa daraja tatu tu: linasimama, linaumwa, linakufa
- picha za pande zote, pamoja na picha ya paa ikiwezekana

Upana wa vyumba msiuruke. Nyumba nyingi za mawe za pwani zina vyumba virefu na vyembamba, vya mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko hubeba mzigo wa dari bila kulegea. Mkikuta chumba cha mita tano, ama kuna ukuta uliobomolewa, ama kuna mhimili wa chuma au zege ulioingizwa baadaye, na hapo ndipo pa kuanza kutazama nyufa.

Kuhusu milango niseme jambo moja la usalama. Orodha yenye picha za milango ya kuchonga pamoja na mahali ilipo msiirushe mitandaoni. Mlango wa kale una soko, na wanaonunua hawaulizi umetoka wapi. Nakala moja ikae kwa kikundi, nyingine kwa afisa utamaduni wa wilaya, ya tatu nje ya mji.

Andikeni na historia ya kila jengo kama wazee wanavyoisimulia, hata pale inapouma. Bagamoyo na Kivinje zilikuwa miisho ya njia za misafara ya pembe na watumwa. Pangani ndiko Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani, aliponyongwa na Wajerumani Desemba 1889. Ghala lililofungiwa watu msiligeuze kwenye daftari likawa "ghala la biashara" ili tu wageni wafurahi.

Tatu: sheria, hati na warithi

Wengi hudhani kila jengo la zamani linalindwa na serikali. Sivyo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baada ya hapo yanahitaji kutangazwa na waziri kwenye Gazeti la Serikali. Tafsiri yake mtaani ni kwamba boma la Mjerumani la 1895, au duka la Mhindi la 1920, linaweza kubomolewa kesho bila sheria hiyo kuvunjwa, kama halijatangazwa. Milango na fremu za kuchonga zina afadhali: zilizochongwa kabla ya 1940 zimo ndani ya ulinzi, na kuzing'oa au kuzisafirisha bila kibali ni kosa.

Kwa hiyo andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa Idara ya Mambo ya Kale, mkiambatanisha kurasa za daftari, mkiomba majengo kadhaa yafikiriwe kutangazwa. Chagueni machache yenye nguvu. Barua ya majengo matano yenye vipimo, picha na historia itasomwa. Ya majengo themanini yenye majina tu itawekwa chini ya nyingine. Kwa upande wa Kenya mlango wa kubisha ni Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya 2006, na Unguja wana Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Hati ndiyo kazi ngumu. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliyahamishia serikalini majengo mengi ya kupangisha, hasa yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na hata miji midogo iliguswa. Baadaye mengine yalirudishwa, mengine yakabaki Shirika la Nyumba la Taifa, mengine yakaishia halmashauri, na mengine hakuna aliyejishughulisha kuandika chochote. Ndiyo maana unaweza kukuta mpangaji analipa kodi kwa ofisi ambayo yenyewe haina hati. Msimwamini mtu yeyote kwa mdomo, akiwemo ofisa. Ombeni upekuzi rasmi wa hati ofisi ya ardhi, mlipe ada, mpate karatasi.

Nyumba za familia zina mwendo wake. Marehemu babu hakugawa, watoto hawakufungua mirathi, sasa wajukuu ni ishirini na mbili, na wanne kati yao hawasalimiani. Msiingie na habari ya urithi wa taifa. Nendeni wawili, mmoja wenu awe mtu wa makamo anayejulikana, mkae barazani, mkaribishwe kahawa, mseme lililowaleta kwa maneno machache: "Shikamoo bibi. Hatukuja kununua nyumba wala kuichukua. Tumeona gata la upande wa kibla limeanguka, maji yanateremka ukutani. Tunaomba ruhusa tulifunge kabla ya masika." Mtu akishaona mmefunga gata na mmeondoka bila kudai kitu, mazungumzo ya mirathi yatakuja yenyewe. Hapo ndipo mnaweza kuwasindikiza wafungue shauri mahakamani na kuteua msimamizi mmoja, mtu wa kutia saini. Bila msimamizi hakuna mfadhili atakayegusa nyumba ile.

Nne: jueni ugonjwa kabla ya dawa

Nendeni na tochi, bisibisi, penseli na kamba ya kupimia. Anzeni juu. Paa lililotoboka sehemu ndogo ya kuingiza ngumi linatosha kumaliza ghorofa nzima kwa misimu michache, kwa sababu maji hayaishii yalipoingilia. Yanafuata boriti mpaka kwenye ukuta.

Vichwa vya boriti ndipo mauti ilipojificha. Boriti inaweza kuonekana nyeusi, ngumu na nzuri katikati ya chumba, huku kichwa chake kilichozama ukutani kimekuwa unga. Chomeka bisibisi pale mti unapoingia ukutani. Ikigoma, salama. Ikizama kama kwenye keki, wekeni alama ya chaki nyekundu, na chumba cha juu asilale mtu mpaka patiwe nguzo.

Kisha gongeni lipu kwa fundo la kidole, kuanzia chini mpaka usawa wa kifua. Sauti nzito ni lipu iliyoshika; sauti tupu ni lipu iliyoachana na ukuta. Mara nyingi hiyo tupu ni ya saruji, iliyopigwa na mtu mwenye nia njema miaka ya karibuni. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu wa ardhi na kuutoa nje kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji unyevu hauna pa kutokea, unapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuyala mawe. Nje ukuta unang'aa, ndani umekuwa mchanga. Bandueni kipande kimoja tu, upana wa kiganja, mtaona wenyewe.

Nyufa zisiwatie hofu zote. Chora mstari wa penseli mwisho wa ufa pande zote mbili, andika tarehe pembeni, urudi baada ya mvua. Ufa uliovuka mstari ni ufa hai. Ufa uliokaa miaka bila kusogea uzibwe kwa chokaa, basi.

Miti inayoota ukutani, hasa jamii ya mtini, isivutwe kwa mkono wala kwa kamba. Mizizi yake imeshikana na mawe na mtaangusha vyote. Kateni shina karibu na ukuta, kateni tena kila linapochipua, mpaka mzizi ufe. Ndipo fundi autoe akirudishia jiwe kwa jiwe.

Tano: huduma ya kwanza

Kabla ya fedha yoyote kubwa kuna kazi zinazoweza kufanywa na kikundi chenyewe na mchango wa mtaa. Bati la muda juu ya paa lililotoboka. Gata na mfereji wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Nguzo za kuegemeza dari inayolegea, zikikaa juu ya ubao mpana ili zisizame sakafuni. Kuziba madirisha kwa mbao huku mkiacha upenyo wa hewa. Kuondoa taka na kifusi kilichoegemea kuta, ila mawe msiyatupe: panga kando, mtayahitaji. Haya yote yawe tayari kabla ya Machi, maana masika haisubiri kikao.

Kwa nyumba iliyo daraja la "linakufa", msipandishe watu juu kwa ujasiri. Zungushieni uzio, wekeni tangazo, mtafuteni mhandisi.

Sita: chokaa

Hapa ndipo miradi mingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chokaa ya kienyeji hutokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa katika tanuri la magogo. Matumbawe hai ya baharini hayaguswi. Ni kosa kisheria na ni kuharibu mazalia ya samaki wenu. Tumieni mawe ya nchi kavu kutoka machimbo, au vifusi vya nyumba zilizokwisha kuanguka. Mawe yakishaiva huwa mepesi na hubadilika rangi, na hayo ndiyo yanayokwenda shimoni kuzimwa.

Kuzima ni hatari kuliko kuchoma. Chokaa mbichi ikikutana na maji huchemka kwa nguvu na kurusha matone yanayoweza kumtia mtu upofu. Wekeni maji kwanza shimoni, kisha chokaa iingie kidogo kidogo, si kinyume chake. Miwani ya kazi, glavu na buti ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe karibu kwa ajili ya kuosha macho. Watoto wasikaribie. Ikishapoa, ifunikwe na maji juu yake na iachwe ilale. Wiki kadhaa ni kiasi cha chini. Mafundi wa uhifadhi hupenda miezi mitatu au zaidi, na kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika na kunata. Maana yake shimo lichimbwe mwaka kabla ya kazi, si wiki ambayo mfadhili anakuja.

Kipimo cha kawaida cha lipu ni chokaa kimoja kwa mchanga vitatu. Mchanga wa ufukweni usitumike, una chumvi; chukueni wa mto au wa shimo, uchekechwe. Loweshieni ukuta vizuri kabla ya kupiga, kwa sababu jiwe kavu litafyonza maji ya lipu na kuiacha unga. Pigeni tabaka jembamba, lisizidi sentimita moja, liachwe likauke pole pole kwa siku kadhaa kabla ya lingine. Jua la pwani ni adui hapa: ning'inizeni magunia mabichi mbele ya ukuta. Mwisho ni niru, yaani chokaa iliyoyeyushwa kwa maji ya kupaka ukuta, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama maziwa. Rangi ya mafuta au ya plastiki italeta shida ileile ya saruji.

Fundi kijana atawaambia: "Tuchanganye na saruji kidogo ishike haraka." Mkatalieni kwa upole lakini mkatalieni. Mkatalieni pia anayependekeza kumwaga zege la paa juu ya kuta za matumbawe. Uzito ule hazikujengewa, na nondo hupata kutu katika hewa ya chumvi.

Boriti mpya zinahitaji kibali. Misitu ya mikoko ni hifadhi, na kwa Bara mnaanzia kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Bora kuagiza mapema boriti chache zilizonyooka na kuziacha zikauke kivulini.

Saba: jengo litumike

Nyumba isiyo na mtu hakuna anayeisikia ikivuja. Kabla ya kukarabati, jueni nani ataingia siku ya kukabidhiwa. Mikindani, boma lililojengwa na Wajerumani 1895 lilikarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likawa hoteli na mahali pa kufundishia vijana kazi. Tanga mjini boma la zamani limekuwa makumbusho chini ya kikundi cha Urithi Tanga. Ni mifano mizuri, lakini isiwadanganye: mji mdogo hauwezi kubeba hoteli sita na makumbusho manne. Duka la dawa, madrasa, ofisi ya mwanasheria, chumba cha kushonea, nyumba ya familia ileile iliyokuwamo, yote ni matumizi halali. Mimi ningechagua nyumba tatu zinazokaliwa na wenyewe na hazivuji, kuliko makumbusho moja yenye kufuli.

Mkipangisha, andikeni kwenye mkataba sehemu ya kodi inayokwenda kwenye mfuko wa matengenezo, na mambo ambayo mpangaji haruhusiwi: kutoboa ukuta kwa ajili ya kiyoyozi, kuweka tangi la maji juu ya dari, kupiga saruji, kung'oa mlango.

Nane: fedha

Muombeni mkadiriaji majenzi awatayarishie makadirio ya jengo moja, si ya mji mzima. Fedha za nje zipo. Mfuko wa Mabalozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, kwa mfano, umesaidia kazi Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Ila mfadhili ataomba vitu vilevile mlivyokwisha kutayarisha kama mmefuata mpangilio huu: hati, kibali cha Mambo ya Kale, daftari, makadirio, hesabu zilizokaguliwa. Wenyeji wenu walioko Maskati, Mombasa na Ulaya nao wana moyo wa kuchangia, lakini wapeni jengo lenye jina na picha ya kila hatua. Harambee ya "urithi wetu" kwa ujumla haijazi kapu.

Tisa: kalenda ya kila mwaka

Januari na Februari, paa na gata vikaguliwe na kusafishwa. Wakati wa masika yenyewe, siku ya mvua kubwa, mtu mmoja azunguke na mwavuli atazame maji yanapita wapi; hakuna ukaguzi mzuri kuliko huo. Juni mrudi na daftari, mtazame alama za penseli, mpige picha kutoka sehemu zilezile. Septemba, kabla ya vuli, ni wakati wa viraka vya lipu na niru. Kila kazi iandikwe: ukuta upi, chokaa ya shimo lipi, mchanga wa wapi, fundi nani, na msaidizi wake nani, kwa sababu huyo msaidizi ndiye mtakayemwita baada ya miaka kumi.